Mfuniko wa Mashine ya Kupandia

Kansay, S.L.P. Karatu
10 Oktoba 1982

Kwa binti yangu Hyasinta,

Saita, mwanangu, nakusalimu kwa lugha ya nyumbani. Naamini barua hii inakukuta mzima, na joto la huko Dar halijakumaliza. Sisi huku hatujambo. Nasema "sisi" kwa mazoea tu, maana ni mimi na punda wawili. Nyonga yangu ni ile ile, asubuhi inanikatalia, mchana inanihurumia kidogo. Jirani Piusi na mkewe Lusia wanakusalimu. Lusia anauliza kama umenenepa.

Sasa nisikilize. Ile mashine ya kupandia imekufa. Unaikumbuka vizuri, ulikuwa unaiparamia ukiwa mdogo mpaka mama yako anakuja na fimbo. Chini ya sanduku la mbegu kuna sahani ya chuma yenye matundu pembeni. Gurudumu likizunguka, sahani nayo inazunguka, kila tundu linachukua punje moja na kuidondosha mferejini. Juzi nilikuwa naisafisha nijiandae na vuli, ikaniponyoka, ikaangukia jiwe. Pa! Vipande vitatu. Nikampelekea Hamidi, yule fundi wa kuchomelea pale Karatu mjini. Akaniambia, mzee, hiki ni chuma cha kumimina, hakipendi moto. Nikamwambia jaribu hivyo hivyo. Akajaribu, ikapasuka zaidi, na matundu yakaziba yote. Sasa nina uji wa chuma kwenye gunia.

Najua utasema, basi Baba chukua jembe. Hyasinta, kuinama siwezi. Nikiinama nabaki hapo hapo mpaka apite mtu wa kuninyanyua. Lakini kwenye kiti cha ile mashine nakaa kama bwana shamba, punda wanavuta, na shamba lote linapandwa. Bila kile kiti mimi si mkulima tena.

Na shida yenyewe ni hii. Mkutano wa kijiji umepitisha kwamba shamba lisilopandwa misimu miwili mfululizo anapewa mtu mwingine. Mwaka jana tulikuwa na msiba wa mama yako, sikupanda kitu. Kamati itapita kukagua mwezi wa tatu. Wakilikuta tupu, basi tena. Na unajua nani amelala kwenye kona ya juu ya shamba lile.

Wewe uko kwenye kampuni ya zana za kilimo. Nitafutie sahani.

Ni mimi baba yako,
Valeriani


Dar es Salaam
29 Oktoba 1982

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeipata, nimeisoma nikacheka, kisha nikalia chooni ofisini ili wenzangu wasinione. Mimi ni mzima. Sijanenepa, mwambie Lusia sukari yenyewe hapa tunaisikia redioni. Kazi ni ile ile ya kupiga chapa barua za watu wengine siku nzima.

Nimeenda kwa Mzee Seif, mtunza stoo wetu. Ni mtu mkali, lakini nilipomwambia mashine yako ilivutwa na farasi enzi hizo, alivua miwani akaifuta. Ana vitabu vya zamani vya picha za mashine, vimejaa vumbi. Anasema kila mtengenezaji alikuwa na kipimo chake, kwa makusudi kabisa, ili ukinunua mashine kwake, vipuri pia ununue kwake. Sahani ya huyu haiingii kwa yule hata ukiibembeleza. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kujua nani aliitengeneza.

Nimeulizia kiwanda kimoja hapa kama wanaweza kumimina mpya. Wanasema hawawashi tanuru kwa kitu kimoja, na hata hivyo wanataka kukiona kile cha zamani kikiwa kizima. Sikuwaambia habari za uji wa chuma.

Angalia mashine yote, Baba. Tafuta herufi. Niambie pia magurudumu yakoje na kiti kimekaa wapi. Tutaipata tu, usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Hyasinta


Kansay
14 Novemba 1982

Hyasinta mwanangu,

Saita sana. Mimi nipo, nyonga ipo, na mawingu yameanza kujaa upande wa msitu wa Ngorongoro. Mpe salamu huyo Mzee Seif. Mwambie mimi ndiye niliyewatunza farasi walioivuta.

Mashine hii aliileta yule mzungu tuliyemwita Bwana Kofia, alipokuwa na shamba kule juu, chini ya msitu. Farasi walikuwa wawili, weupe. Wakafa kwa ugonjwa mwaka mmoja, na Bwana Kofia akalia mbele yetu sote, hatukujua tutazame wapi. Baadaye tukaukata ule mti mrefu wa mbele wa kuvutia mashine, tukaufupisha, tukafunga punda. Alipoondoka aliniachia mimi, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua kuituliza ikikwama.

Magurudumu mawili, yote nyuma. Chuma chake kimebonyea katikati kama mgongo wa tandiko, ndiyo maana yanafunga udongo juu ya mbegu kutoka pande zote mbili. Kiti kiko nyuma kabisa, kina matundu, mvua ikinyesha maji hayakai. Sanduku la mbegu ni la duara kama sufuria kubwa.

Kuhusu herufi nimepata taabu. Bwana Kofia aliipaka kijani, baadaye akaipaka nyekundu, mimi nikaipaka lami. Nimekwangua kwa kisu mpaka vidole vimeota malengelenge. Kwenye mkono wa kushoto wa mashine nimekuta neno moja tu, mengine yamelika: SONS. Nadhani ndiye mwenyewe. Mwandikie huyo Bwana Sons umwambie mashine yake imefanya kazi vizuri sana na hatumlaumu.

Piusi anasema niite watu. Unajua desturi yetu, Lusia angepika pombe, majirani wangekuja na majembe, shamba likapandwa kwa siku moja huku wanaimba. Nimemwambia asubiri kwanza, binti yangu analeta sahani.

Baba yako,
Valeriani


Dar es Salaam
2 Desemba 1982

Shikamoo Baba mpenzi,

Natumaini vidole vimepona. Huku tuko salama, umeme unakatika na kurudi.

Baba, Sons si mtu. Ni Kiingereza, maana yake "na wanawe". Fulani na wanawe, kama vile mtu na watoto wake wa kiume wana kiwanda. Mzee Seif amefungua vitabu vyake, karibu wote wamejiita hivyo! Inaonekana huko Uingereza hakuna aliyewahi kuzaa binti akamwachia kiwanda.

Kwa yale magurudumu yaliyobonyea na sanduku la duara, tumebakiwa na watatu: Pellow na wanawe, Wexcombe na wanawe, na Harbuck na wanawe. Nimeweka karatasi nyepesi juu ya picha nikazichora zote tatu, zimo humu ndani. Zilinganishe na mashine yako.

Lakini Mzee Seif anasema usijisumbue sana na mikono wala magurudumu. Anasema hawa wote walipenda kuandika jina lao lote juu ya mfuniko wa sanduku la mbegu, kwa herufi kubwa zilizoinuka, kwa sababu hapo ndipo mkulima anapotazama kila siku. Baba, mfuniko unasemaje? Nakumbuka ulikuwa na mfuniko mzito, ulinibana kidole nikiwa darasa la pili.

Watu usiwaite kwanza. Utahangaika na mapombe hayo bure na sahani inakuja.

Mwanao,
Hyasinta


Kansay
20 Desemba 1982

Kwa Hyasinta,

Heri ya Noeli mwanangu, na mwaka ukukute na afya. Mimi sijambo. Punda mmoja anakohoa.

Michoro nimeiona, una mkono mzuri, mama yako angefurahi. Nimeiweka chini kando ya mashine, nikaizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Naona huyu Pellow anafanana zaidi. Lakini asubuhi namwona Pellow, jioni namwona Wexcombe. Macho nayo si yale.

Nimejaribu kitu kingine. Nilichonga sahani ya mti wa loliondo, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto. Ilikuwa nzuri, Hyasinta, ungeiona! Nikapanda mistari miwili, punda wanatembea, punje zinaanguka moja moja, nikaimba. Mvua ikaja. Mti ukavimba ndani ya sanduku, ukakwama, na mpaka leo haujatoka. Nimeutoboa, nimeutukana, umekataa.

Mvua imeanza vizuri. Mashamba ya watu yameshapandwa yote, langu limekaa katikati yao. Piusi ameuliza tena habari za kuita watu. Nikamwambia tena subiri.

Nisalimie Mzee Seif.

Baba yako,
Valeriani


Dar es Salaam
8 Januari 1983

Shikamoo Baba,

Mwaka mpya mwema. Mimi ni mzima, ila leo nina hasira kidogo na wewe, nivumilie.

Nilikuuliza habari za mfuniko. Umenijibu habari za kuku, za punda anayekohoa na za mti wa loliondo. Za mfuniko hukunijibu neno. Umeuuza? Umeibiwa? Umekuwa kikaango cha Lusia? Niambie tu.

Mzee Seif amepanda mwenyewe juu ya rafu, mzee mzima, akatoa sahani moja ya Pellow iliyobaki tangu zamani. Nimeifunga kwenye kitenge na kumpa dereva wa basi la Arusha, ataikabidhi kwa wenzake wa basi la Karatu. Kama wewe ulivyosema ni Pellow, basi umepona. Kama siyo Pellow, hapa hakuna nyingine, itabidi tuagize Uingereza, na hatuwezi kuagiza bila jina.

Namwomba Mungu iwe Pellow.

Mwanao,
Hyasinta


Kansay
30 Januari 1983

Hyasinta binti yangu,

Nakusalimu kwa upendo. Uhai upo.

Siyo Pellow. Imezidi kwa upana wa kidole. Nimeigeuza huku na huku, nimeipaka mafuta, nikaizungumzisha. Nikajikuta nimekaa chini kando ya mashine, na unajua nikishashuka chini inakuwaje. Lusia ndiye aliyenikuta jioni.

Sasa nikuambie habari za mfuniko, ingawa sikupenda kuziandika. Mfuniko uko juu ya mama yako.

Ulipokuja kwenye mazishi uliuona ule msalaba wa mti. Mchwa waliula haukumaliza hata miezi mitatu. Nikaweka mwingine, wakaula. Saruji haipatikani mahali popote. Katekista alikuwa na kidogo iliyobaki ya kanisani, akanipa. Nikafikiri, ni kitu gani nilicho nacho ambacho mchwa hawali? Nikautoa mfuniko, nikatandaza saruji juu ya kaburi, nikaulaza. Ni wa duara, mzuri, mzito. Zile herufi za wazungu nikazielekeza chini, kwa sababu sikutaka mke wangu alale chini ya jina la watu tusiowajua. Upande wa juu nikaandika kwa rangi nyeupe, CRESENSIA, kwa mkono wangu, herufi zile nilizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Yeye ndiye aliyenisukuma niende kule kisomoni. Ni neno gumu kuliko yote niliyowahi kuandika.

Nilipokuwa naulaza sikusoma kule chini kulikuwa na nini. Nilikuwa nalia, nani asome?

Kwa hiyo jina tunalolitafuta lipo, na sisi wawili tunajua lilipo. Lakini kaburi lililokwisha kufungwa haliguswi. Unazijua desturi zetu. Nyumba iliyogusa kaburi inawekwa kando mpaka mavuno yapite. Haiazimi wala haiazimwi, hakuna wa kuingia kwenye uwanja wake wala kwenye shamba lake. Usiniambie habari hiyo.

Piusi amesema hata bila pombe watakuja na majembe. Nafikiria nimkubalie.

Baba yako,
Valeriani


Dar es Salaam
9 Februari 1983

Shikamoo Baba yangu,

Sijui nianzie wapi. Nimesoma barua yako kwenye ngazi za posta, nikaisoma tena. Pole Baba. Sikujua habari za mchwa. Ungeniambia ningetafuta saruji huku, hata kwa magendo.

Lakini sasa nakuomba unisikilize. Mama hakupenda shamba likae bure hata siku moja. Yeye angekuwa wa kwanza kukuambia inua. Humwamshi yeye, Baba, ni mfuniko tu, utauinua, utasoma, utaurudisha palepale. Hayo ya kuwekwa kando ni mambo ya zamani. Siku hizi watu wana redio, magari ya watalii yanapita hapo kwenda Kreta ya Ngorongoro, nani bado anashika hayo? Inua asubuhi mapema kabla watu hawajapita.

Majembe ya majirani yatakuokoa mwaka huu. Na mwaka kesho? Na mwaka unaofuata? Utakuwa mtu wa kuomba kupandiwa kila vuli. Nakujua, utakufa kwa hilo kabla ya nyonga. Mzee Seif amesema nikipata jina tu, atapeleka teleksi Uingereza siku hiyo hiyo.

Nakuomba, Baba. Kwa ajili yangu.

Mwanao,
Hyasinta


Kansay
27 Februari 1983

Kwa Hyasinta,

Saita mwanangu. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Piusi alikuwa amekwisha kuwaambia watu waje na majembe Jumamosi. Nikasema moyoni, huyu mtoto amesoma, yuko mjini, anajua asemalo. Alhamisi asubuhi na mapema nikaenda kaburini. Kuinua kwa mikono nisingeweza. Nikawafunga punda mnyororo, nikaupitisha chini ya ukingo wa mfuniko, nikasema polepole. Punda hawajui polepole ni nini. Walivuta mara moja, saruji ikalia, mfuniko ukapasuka katikati. Vipande viwili. Jina la mama yako limekatika, upande mmoja CRESEN, upande mwingine SIA.

Nikageuza vipande nisome. Hakuna kitu. Kutu imekula herufi zote, ukizigusa zinamomonyoka kama ugoro. Nikataka kulala pale pale.

Kisha nikatazama chini. Saruji ilipokuwa mbichi ilishika herufi zile zote. Ziko pale juu ya kaburi, wazi kabisa, ila zimegeuka, zinatoka kulia kwenda kushoto. Nimezinakili kama zilivyo kwenye kipande cha karatasi, kimo humu. Kiweke mbele ya kioo.

Saa ile ndipo akina mama wa kijiji cha Ganako walikuwa wanapita kwenda misa ya kumwombea marehemu fulani. Wakasimama barabarani. Wakatazama kaburi, wakaendelea, na mimi nikajua.

Jumamosi hakuna aliyekuja. Wazee walikuwa wamekaa kwa mzee mwenzao Tobiko, wakaamua niwekwe kando mpaka mavuno. Katekista alikuja mpaka kwenye uzio, akasema kwa Mungu si dhambi. Nikamwambia basi ingia unywe chai. Akasema ana haraka.

Piusi haruhusiwi kusema nami. Kwa hiyo jioni anasimama njiani anawasalimia punda kwa sauti kubwa. "Punda, hamjambo? Mwambieni bwana wenu Lusia ameacha maziwa kwenye jiwe." Nami nawajibu punda, "Mwambieni ahsante." Ungetuona ungecheka. Mimi nilicheka siku ya kwanza.

Kamati inakuja mwezi ujao. Sasa iliyobaki ni sahani tu, mwanangu. Fanya haraka.

Baba yako,
Valeriani


Dar es Salaam
21 Aprili 1983

Baba, shikamoo.

Najua nimekaa kimya. Najua umekuwa ukimuuliza mtu wa posta, au umekuwa ukiwatuma punda wamuulize. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Afya ninayo.

Niliweka karatasi yako mbele ya kioo. Ni Wexcombe na wanawe. Imeandikwa yote, hata mji wao. Mzee Seif alishangilia, akanishika mkono kama mwanamume mwenzake. Alipeleka teleksi siku ile ile kama alivyoahidi.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Wexcombe hawapo, Baba. Walifunga kiwanda kabla hata ya vita ya Hitla. Wana wenyewe walikwisha kufa. Kalibu za kumiminia sahani ziliyeyushwa zikatengenezwa mabomu. Hakuna sahani ya Wexcombe iliyobaki dunia hii inayojulikana na mtu yeyote. Mzee Seif alisoma teleksi mara mbili, akarudi stoo akafunga mlango.

Mimi ndiye niliyekuambia uinue. Ningenyamaza, watu wangekuja Jumamosi ile. Nilikaa huku na feni juu ya kichwa nikakuamuru, wewe uliye pale, eti ni mambo ya zamani. Sijui la kufanya. Nimeomba likizo, wamenikatalia mpaka mwezi wa saba. Nataka kurekebisha na sina kitu cha kurekebishia.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mwanao,
Hyasinta


Kansay
12 Juni 1983

Hyasinta mwanangu mpenzi,

Saita, saita sana. Usilie tena chooni, utaugua macho. Mimi naamka, nakula, na punda aliyekuwa anakohoa amepona bila dawa.

Barua yako ilichelewa, njia ilikatika kwa mvua. Ilipofika, kamati ilikuwa imekwisha kupita. Walitembea ukingoni tu, hawakukanyaga ndani. Waliona ile mistari miwili ya mahindi niliyopanda kwa sahani ya mti, imeota vizuri, mirefu. Mwenyekiti akasema mistari miwili si shamba. Hakusema kwa ubaya. Shamba amepewa Piusi.

Piusi mwenyewe ndiye aliyeleta habari. Alisimama njiani jioni akawaambia punda. Alianza, akashindwa, akaanza tena. Alisema, "Punda, mwambieni Valeriani sikuliomba." Alisema hatalima ile kona ya juu, wala hatakata ile mistari miwili, ni yangu nivune. Nikawatazama punda wanijibie, nao walikuwa wanakula.

Sikutukani. Nilikuwa na macho yangu na miaka yangu, na kaburi ni la mke wangu. Nilitaka kile kiti, Hyasinta. Nilikitaka kuliko majembe ya watu. Ndiyo hivyo tu.

Nilipozipata habari za Wexcombe nilikaa nikawafikiria. Watu walijisumbua kuandika jina lao kwenye kila mfuniko, na leo hawana hata mmoja wa kujibu teleksi. Niliwaonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka waliko. Maana huwezi kuamini mahali pekee walipobaki. Vile vipande viwili nilivirudisha juu ya mama yako, lakini havikai, mvua inaingia kati na upepo unavisogeza. Nimeviondoa nikaviweka ndani, chini ya kitanda, CRESEN na SIA. Kwa hiyo sasa pale juu yake kuna saruji tupu, na kwenye saruji kuna Wexcombe na wanawe, wamegeuka, wazi kama mchana. Kile nilichokikimbia ndicho nilichompa. Kila asubuhi nakiona, na siwezi kufanya kitu, kwa sababu kupiga magoti siwezi, na wa kupiga magoti badala yangu hawaruhusiwi kuingia.

Mwezi wa saba njoo. Mavuno yatakuwa yamepita, watu watanisalimia mimi badala ya punda. Usilete sahani, usilete saruji. Leta patasi ndogo, yenye makali, na magoti yako. Ukwangue taratibu mpaka jina lile liishe lote. Mashine nitaivuta mpaka pale kwenye kona, nikae kwenye kiti changu nikutazame.

Ni mimi baba yako,
Valeriani